Shajara ya mradi: unyevu wa mihrabu katika msikiti wa mtaa, Mji Mkongwe, Unguja

Wiki ya 1, Juni, baada ya masika

Kazi iliyoombwa ni ndogo kwa maneno: lipu ya mihrabu inapukutika kila mwaka, ipigwe upya. Imeshapigwa mara tatu, na kila mara saruji imezidishwa. Safari hii mwiko utangoja. Lipu inayoanguka inatuonesha maji yanapotokea, na ukiiziba bila kujua yameingilia wapi, mwakani itaanguka tena na kuondoka na jiwe lenyewe.

Vipimo kwanza. Ukumbi wa sala una upana wa mita 8.8 na urefu wa mita 11.4 kwa ndani. Safu mbili za nguzo zinaugawa katika njia tatu, kila njia mita 2.6. Ukitaka kujua kwa nini 2.6, tazama dari: boriti la mkoko lenye unene wa sentimita 11 hadi 14 halibebi dari la mawe kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, na sentimita 20 za kila ncha lazima zilale ndani ya ukuta. Majengo ya mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, yamekatwa kwa kipimo hicho. Msikiti ukihitaji upana, unaongezewa safu ya nguzo. Ndiyo maana katika misikiti mingi ya kale ya Waswahili unakuta nguzo zimesimama katikati kabisa, zimeikinga mihrabu isionekane kutoka mlangoni. Fundi aliyezisimamisha alijua analofanya. Kipimo cha mti ndicho kilichomwamulia.

Ukuta wa kibla una unene wa sentimita 62. Mihrabu imezamishwa ndani yake kwa sentimita 40, wala haikutokeza nje. Katika Mji Mkongwe hiyo mara nyingi ni alama ya msikiti uliojengwa na Waibadhi, watu wa dhehebu la Kiislamu ambao kwa kawaida pia hawakujenga minara. Mihrabu ya misikiti ya Sunni kwa kawaida hutokeza mgongo wake nje ya ukuta. Hata huu wetu hauna mnara, una ngazi tu ya kupandia juu kuadhini. Kwa mradi huu maana yake ni kwamba nyuma ya mihrabu umebaki ukuta wa sentimita 22 peke yake kati ya imamu na uchochoro. Hapo ndipo pembamba kuliko pote, na ndipo palipolowa kuliko pote.

Mwelekeo nao umepimwa. Kutoka Unguja kibla ni kaskazini karibu kabisa, takriban digrii 1.3 kuelekea mashariki ya kaskazini ya kweli. Anayepima kwa dira ya kawaida arekebishe kwanza tofauti ya kaskazini ya sumaku, la sivyo atawasingizia mafundi wa kale kosa lililo la dira yake.

Wiki ya 2. Kuusoma ukuta

Tumefungua vidirisha vinne vya ukaguzi, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, kwa kisu na patasi ndogo, tabaka moja baada ya jingine. Kutoka juu kwenda ndani: rangi ya mafuta tabaka mbili, lipu ya saruji sentimita 3, mabaki ya lipu ya chokaa yaliyopigwa nyundo ili saruji ishike, chokaa ya kupaka tabaka nyingi nyembamba kama karatasi za kitabu, kisha lipu ya kwanza kabisa, nyeupe na ngumu, ndani yake mna chembe za mkaa wa tanuu. Chembe hizo zisidharauliwe. Chokaa ya zamani ilichomwa kwa kupanga magogo duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa katikati, na majivu yakachanganyika na chokaa. Mkaa kwenye lipu unakuhakikishia kwamba umeshafika kwenye chokaa ya tanuu.

Mawe ni ya aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida la watengenezaji wa siku hizi. Mwili wa ukuta ni jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile gumu lenye matundu, limepangwa ovyo ovyo ndani ya mota ya chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Upinde wa mihrabu ni tumbawe la baharini lililokatwa likiwa bichi, laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, likaachwa likauke na kukaza. Kwa jiwe la namna hiyo ndiko yalikochongwa hata maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladi. Jiwe hili hunywa maji haraka na huachia maji haraka. Ukilifunika kwa saruji umeliziba pua.

Juu ya kizingiti cha mlango pamechongwa mwaka 1247 wa Hijria. Hesabu ya haraka ya kuugeuza uwe wa Miladi: toa sehemu moja ya 33, kisha ongeza 622. 1247 toa 38, ongeza 622, unapata 1831. Ikiwa mwezi haukuandikwa, acha nafasi ya mwaka mmoja mbele au nyuma. Hata hivyo, tarehe ya kizingiti tumeiandika kwenye kumbukumbu kuwa tarehe ya kizingiti, hatukuiandika kuwa ya msikiti. Kizimkazi yenyewe ni fundisho: maandishi ni ya karne ya 12, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao ulianza na ukumbi mdogo wa kaskazini, ukapanuliwa kusini kwa matao na kuba mwanzoni mwa karne ya 14, ukaporomoka, ukajengwa tena karne ya 15. Jengo la ibada hurithiwa na hutengenezwa. Kulitaja kwa mwaka mmoja tu ni kuwafuta waliolitunza baadaye.

Wiki ya 3. Maji yako wapi

Kile kifaa cha pini mbili cha kupimia unyevu wa mbao hakifai hapa. Chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kinasoma chumvi na kukuambia ni maji. Tumetoboa kwa keekee ya mwendo wa polepole (ikienda kasi joto lake hukausha sampuli kabla hujaipima), tukachukua gramu 10 za unga kutoka kina cha sentimita 15, tukaufunga kwenye kichupa, tukaupima, tukaukausha kwa digrii 105 mpaka uzito uliposimama, tukaupima tena. Tofauti ya uzito, igawe kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100.

Ukuta wa mashariki: asilimia 7 kwenye kimo cha sentimita 20, asilimia 3 kwenye sentimita 60, na juu yake pakavu. Ukuta wa kibla, pembeni mwa mihrabu: asilimia 14, 13, 12 kadiri unavyopanda, na bado 9 kwenye kimo cha mita moja na nusu. Kuta hizi zina umri mmoja, mawe yaleyale, msingi uleule. Kwa hiyo sababu kubwa iko upande wa kaskazini, na si ule msemo wa kila siku kwamba "nyumba za zamani ndivyo zilivyo".

Sababu zilizopatikana ni nne, na zimepangwa hapa kwa uzito wake.

Uchochoro wa nyuma umeinuliwa. Kila ulipotengenezwa, tabaka jipya lilimwagwa juu ya la zamani, na sasa uso wake uko sentimita 34 juu ya sakafu ya msikiti. Mvua ya masika inasimama ikiegemea mgongo wa mihrabu.

Mfereji wa maji ya udhu umepasuka pale unapokata kona ya kaskazini magharibi. Tulimwaga maji yenye rangi ya chakula kwenye birika, na baada ya saa sita rangi ilitokeza kwenye shimo la ukaguzi.

Sakafu. Ya asili ilikuwa chokaa iliyopigwa, juu yake mikeka ya ukindu. Sasa pana zege la saruji, vigae, mpira wa povu na zulia la ukuta kwa ukuta. Mvuke uliokuwa ukipanda na kutoka kwenye sakafu nzima umefungiwa njia, unatafuta kuta. Pindua pembe ya zulia karibu na mihrabu, ushike kwa mkono: chini yake ni baridi na pananata.

Mwisho, bomba la maji ya kiyoyozi linalodondokea ukutani kutoka juu. Tone kwa tone, ndoo moja kwa usiku.

Juu ya yote hayo kuna chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na hapa Unguja usiku mwingi hewa hupita hapo. Usiku chumvi inayeyuka ndani ya jiwe, mchana inaganda tena, na kila inapoganda inasukuma. Rangi ya mafuta na saruji huzuia isigande juu ya uso ambapo ingefagiliwa tu. Inaganda nyuma yake, ndani ya jiwe. Ndiyo ile lipu inayobanduka kwa vipande vikubwa huku unga mweupe umebaki mgongoni mwake.

Wiki ya 4 na ya 5. Kuondoa chanzo

Bomba la kiyoyozi lilihamishwa siku ya kwanza. Mfereji wa udhu ulifuatiliwa wote, kipande kilichopasuka kikatolewa, na mteremko ukarudishwa: sentimita 2 kwa kila mita.

Uchochoro ulihitaji kibali, kwa sababu ni mali ya wote na uko ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Michoro imepitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Tulichimba handaki jembamba lenye upana wa sentimita 40 sambamba na ukuta, vipande vya mita moja na nusu, kimoja tunakichimba, kinachofuata tunakiacha. Ukifungua urefu wote kwa pamoja, unauondolea msingi udongo unaoushikilia ubavuni. Msingi una kina cha sentimita 65; handaki liliishia sentimita 50, na chini ya hapo hatukushuka. Lilijazwa kokoto za matumbawe zilizooshwa, juu yake mawe bapa yaliyolazwa bila saruji. Nailoni haikuwekwa ukutani. Wengi hushauri iwekwe, lakini nailoni inauzuia ukuta kupumua upande uleule tunaotaka upumulie.

Swala tano hazikusimama. Kazi za makelele zilifanywa kati ya kuchomoza jua na adhuhuri, Ijumaa zilisimama saa nne asubuhi, na kila siku kabla ya adhana ya adhuhuri vumbi lilifagiwa kwa kitambaa chenye maji. Imamu alisalisha mbele ya nguzo ya pili, mihrabu ikiwa imefunikwa pazia.

Wiki ya 6 hadi ya 8. Kubandua saruji

Patasi na nyundo ya gramu 500, basi. Mashine ya kuvunjia inatikisa ukuta mzima, na mota ya udongo mwekundu ndani yake inashuka kama mchanga wa saa. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole: panapolia kama pana uwazi ndani, saruji imeshaachana na jiwe, anzia hapo, ingiza patasi kwa mlalo nyuma yake na uinue. Usipige kuelekea ndani. Pasipolia hivyo, pameshika. Ukilazimisha unang'oa uso wa tumbawe. Sehemu kama hizo tumeziacha, jumla yake kama robo ya mita ya mraba, mpaka ukuta ukauke. Wakati mwingine saruji hujiachia yenyewe baadaye.

Upande wa kushoto wa upinde wa mihrabu, chini ya saruji ya sentimita 3, umejitokeza mstari uliochongwa mfano wa kamba iliyosokotwa, upana wa vidole viwili, unaopanda kutoka kimo cha goti na kuzunguka upinde. Kila msokoto una ukingo mkali bado, na mahali pawili patasi ya mchongaji iliteleza ikaacha mkwaruzo mfupi. Upande wa kulia mstari huo haupo kuanzia kimo cha bega kushuka chini. Umeondoka na lipu za miaka iliyopita, umeliwa na chumvi, na umebaki unga. Inauma kuutazama. Hautachongwa upya kwa kubahatisha. Utajazwa chokaa tupu, usawa mmoja na jiwe, ili macho yasikatike na wala mtu asidanganyike.

Chumvi ilivutwa kwa rojo la karatasi: karatasi nyeupe isiyo na wino, iliyolowekwa na kupondwa, imekandikwa kwa unene wa sentimita 2, ikaachwa mpaka ikakauka na kujikunja. Awamu tatu. Maji ya kulowekea yawe ya mvua au ya kuchujwa. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, na utakuwa unaongeza unachokitoa.

Wiki ya 9 na ya 10. Dari juu ya mihrabu

Boriti hufa kwenye ncha, ndani ya ukuta, ambako hulioni. Tumezichoma zote 31 za njia ya kaskazini kwa bisibisi nyembamba, pembeni kabisa mwa ukuta. Inapoingia zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, hilo limeoza. Yalikuwa manne, na yote yako juu ya sehemu iliyolowa, jambo linalothibitisha vipimo vya wiki ya 3.

Paa lilikuwa limemwagiwa saruji ya sentimita 5 kuzuia kuvuja. Hesabu yake: saruji ya zege ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ilibebeshwa kilo 120 zaidi, juu ya boriti zilizokuwa zinaoza. Na nyufa zake zilikuwa zinaingiza maji yasiyoweza tena kutoka.

Boriti mpya ziliingizwa moja moja, dari likiwa limeegemezwa kwa nguzo za muda. Ncha imeachiwa uwazi wa sentimita 2 pande zote ndani ya tundu, na chini yake pamelazwa kipande cha mti mgumu. Usiikaze kwa mota. Ncha ya mti inataka hewa.

Juu yake sakafu imepigwa kwa njia ya asili. Kokoto za matumbawe na chokaa, sehemu 3 kwa 1, zimemwagwa kwa unene wa sentimita 15, zikaachwa usiku mmoja, kisha watu wanane wakapanga mstari na vipande vyao vya mbao wakipiga pamoja kwa mwendo wa wimbo, huku maji ya chokaa yakinyunyizwa. Siku tatu. Wimbo una kazi yake: mapigo yakiwa sawa, unyevu unapanda juu kwa usawa na uso unafunga bila nyufa. Mkono ukianza kuchoka na kupiga ovyo, mahali hapo hubaki laini, na mvua ya kwanza hupaona. Inajulikana imeiva kipande kinapodunda na kulia kama kimepiga jiwe.

Wiki ya 11 hadi ya 15. Lipu

Chokaa ilizimwa kwa maji Machi, miezi mitatu kabla ya mradi kuanza. Daima mimina chokaa mbichi ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya chokaa: inachemka papo hapo na kuruka machoni. Miwani na glavu ni lazima. Ilichujwa kwa chekeche la milimita 2 na kuhifadhiwa chini ya maji. Ikiwa tayari inakatika kwa mwiko kama siagi.

Mchanga ni wa shimoni, ulioshwa mara tatu. Wa ufukweni haukuguswa. Kipimo cha chokaa kiliamuliwa na mchanga wenyewe: jaza mkebe mchanga mkavu, mimina maji mpaka yafike usawa wa juu, maji yaliyoingia ndiyo ujazo wa chokaa unaohitajika. Wetu ulikunywa theluthi moja, basi 1 kwa 3.

Tabaka la kwanza milimita 10, kwa kurusha. La pili milimita 8. La mwisho milimita 3, limekandamizwa kwa kibao mpaka jasho lake likakauka. Kati ya tabaka na tabaka siku 7 hadi 10, magunia yaliyolowa yakining'inia mbele ya ukuta.

Kosa moja limetokea. Wiki ya 12, Jumamosi hadi Jumatatu, magunia ya ukuta wa nje yaliachwa yakauke na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma uchochoroni. Mita mbili za mraba zikapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Chokaa haikazi kwa kukauka. Inakaza kwa kuvuta hewa ya kaboni, na haiivuti bila unyevu. Ikikauka mapema inabaki unga umbo la lipu. Sehemu hiyo ilikwanguliwa yote na kupigwa upya, na sasa jina la mwenye zamu ya maji linaandikwa ubaoni kila siku, hata siku za mapumziko.

Wiki ya 20, Oktoba, vuli inakaribia

Vipimo vya ukuta wa kibla, mahali palepale: 9, 8, 6, na 3 kwenye kimo cha mita moja na nusu. Ukuta mnene hukauka kwa kadiri ya mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5, kwa hiyo huu wa sentimita 62, unaokaukia pande mbili, unahitaji mwaka mzima. Mgongo wa mihrabu ulio mwembamba utatangulia.

Unga mweupe umetoka sehemu ya chini ya lipu mpya, kimo cha sentimita 40. Wasimamizi walishtuka, nao wana haki. Chumvi inatokea pale tulipotaka itokee, juu ya lipu. Ifagiliwe kwa brashi kavu kila wiki na kuzolewa kwa beleshi dogo. Isifutwe kwa maji, maana maji yanairudisha ndani.

Zulia la safu ya kwanza limeondolewa na mikeka imetandikwa, upana wa mita moja na robo kutoka ukutani. Vigae vilivyo chini yake vitatolewa Januari, na chokaa itapigwa badala yake.

Mihrabu itabaki bila rangi mpaka masika ipite. Baada ya hapo ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, tabaka tano, saa 24 kati ya tabaka na tabaka, ukuta ukinyunyizwa maji kwanza kila mara. Kwenye kamba iliyochongwa ni tabaka mbili tu, zisije zikaziba ukingo wa msokoto. Sampuli zinazofuata zitachukuliwa wiki ya kwanza ya Juni, vimo vilevile, keekee ileile.